Spika ndefu, chumba chembamba

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tafauti: katika spika ndefu, zile zinazosimama zenyewe sakafuni bila meza wala kigoda, ipi ni bora kuliko nyengine. Tumechagua barua sita. Wasomaji walioleta vipimo vya vyumba vyao tumewajibu kwa kirefu, maana bila vipimo mtu hujibu kwa kubahatisha.

Nakaa Malindi ya Unguja, ghorofa ya kwanza ya nyumba ya zamani. Ukumbi una upana wa mita 3 na urefu wa mita 6.5, dari ni ya boriti, kimo mita 3.4. Dukani kuna jozi mbili za bei zinazokaribiana. Moja nyembamba, wufa (koni za besi) mbili za sentimita 13. Nyengine pana na nzito, wufa mbili za sentimita 20. Muuzaji ananambia kubwa ni kubwa tu. Napenda taarabu ya zamani na jazi. Nichukue ipi? — Msomaji, Malindi

Chukua nyembamba. Sababu umetuletea mwenyewe katika barua yako.

Kwa joto letu la nyuzi 28 hivi, sauti hukimbia kama mita 348 kwa sekunde. Gawa mwendo huo kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili, utapata mdundo ambao chumba chenyewe huuitikia. Upana wako wa mita 3 unaitikia 58 Hz, yaani mitikisiko 58 kwa sekunde. Urefu wa mita 6.5 unaitikia 27 Hz, na mara mbili yake, 54 Hz. Kimo cha mita 3.4 kinaitikia 51 Hz. Sasa zitazame: 51, 54, 58, zote zimejazana mahali pamoja kama abiria mlangoni mwa daladala. Vyumba vya Mji Mkongwe hupatwa sana na hili, kwa kuwa upana wao ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na dari mara nyingi haziko mbali na kipimo hicho hicho.

Lile besi kubwa la mbao linalosimama nyuma ya kikundi cha taarabu lina nyuzi nne, na zikipigwa wazi hutoa takriban 41, 55, 73 na 98 Hz. Uzi wa pili unaangukia katikati kabisa ya msongamano wako. Kila mpigaji akiugusa, ukumbi utavuma, na nota zilizo jirani yake zitasikika kama zimepigwa na mtu mwengine aliye mbali. Jazi ni hivyo hivyo, besi lake ni lile lile. Spika yenye wufa mbili za sentimita 20 ina eneo la koni lililozidi mara mbili ya ile nyembamba. Huo ni uwezo wa kusukuma hewa pale pale ambapo chumba chako tayari kimeshiba. Nao ukuta mnene wa mawe na chokaa hautakusaidia. Ukuta mwembamba wa mbao hutikisika ukala sehemu ya besi. Wako umesimama tu, na kinachopigwa ndani hubaki ndani.

Ziweke kwenye ukuta mfupi, zitazame urefu wa chumba. Ukiziweka ukuta mrefu utakaa mgongo umegusa ukuta wa nyuma, na hapo ndipo besi hulundikana. Acha sentimita 80 kutoka mgongo wa spika hadi ukutani. Kati ya spika na spika, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyengine, iwe mita 1.8, hivyo kila moja itabaki na sentimita 60 hadi ukuta wa pembeni. Kiti chako kiwe katikati ya upana, si kwa uzuri wa macho bali kwa sababu ule mvumo wa 58 Hz hufa katikati. Kwa upande wa urefu, kaa kiasi cha mita 1.6 hadi 1.9 kutoka ukuta wa nyuma. Mvumo wa 54 Hz una mahali pawili ulipo dhaifu, robo ya chumba kutoka kila mwisho, na robo ya mita 6.5 ni mita 1.6 na ushei. Songeza kiti sentimita 20 mbele, 20 nyuma, huku besi linapigwa, utalisikia linanenepa na kukonda.

Kama bado linavuma, tazama mgongo wa spika. Kuna tundu la hewa. Likunje soksi la pamba, au kipande cha sponji, ulizibe kwa kubana kiasi, yote mawili sawasawa. Besi itaanza kupungua mapema zaidi lakini itapungua polepole, na chumba kama chako kitajazia pengo. Ni dawa ya bure na inarudishika. Usisukume soksi ndani sana likaangukia kwenye krosova, ile saketi inayogawa sauti baina ya wufa na twita (koni ndogo ya sauti kali).

Sakafu yako ni ya juu, imebebwa na boriti, kwa hiyo inatikisika kuliko saruji iliyolala ardhini. Misumari inayokuja na spika iache kwenye boksi lake. Weka bamba la jiwe au terazo la sentimita 40 kwa 40 chini ya kila spika, na chini ya bamba vipande vinne vya mpira mgumu. Busati nene baina yako na spika litapunguza sauti kali zinazoruka kutoka sakafuni. Mkeka wa ukindu ni mzuri kwa kukalia, lakini kwa kazi hii haufanyi lolote.

Mashine ya kukuza sauti (amplifaya) iwe ya wati ngapi? Utakaa kama mita 4 kutoka spika. Spika ya desibeli 88 (kwa wati moja, mita moja) hupoteza 12 ikifika kwako. Spika ya pili inarudisha 3, na mwangwi wa chumba kama 3 nyengine. Una 82 kwa wati moja. Ukitaka kilele cha desibeli 100, ambacho ni kikubwa sana kwa ukumbi, unahitaji desibeli 18 zaidi, yaani kama wati 63. Mashine ya kweli ya wati 60 kwa kila upande inakutosha, na jioni ya kawaida hutavuka wati moja.

Ungekuwa na ukumbi wa mita 5 kwa 7 kwenye nyumba mpya ya Tunguu, milango wazi, jibu lingegeuka.

Muuzaji ameniruhusu nichukue jozi mbili nyumbani kwa siku tatu, kisha nirudishe moja. Nyumbani tunakaa chini, kwenye mito. Nizilinganishe vipi nisidanganyike? — Msomaji, Chake Chake

Umepata bakhti ambayo wengi hawaipati, basi usiipoteze kwa kuziwasha zote na kusikiliza moja baada ya nyengine. Kinachodanganya watu kwanza ni ukubwa wa sauti. Spika ikizidi mwenziwe kwa desibeli moja tu, sikio halisemi "hii ina kelele zaidi", linasema "hii ni nzuri zaidi". Spika mbili tafauti kwenye alama moja ya mashine huweza kutafautiana desibeli 3 au 4 bila mtu kugusa kitu. Muuzaji mjanja analijua hilo.

Pakua mvumo wa majaribio (pink noise), ule unaofanana na mvua kubwa juu ya bati; ukipata uliochujwa baina ya 500 na 2000 Hz ni bora zaidi, kwa sababu chumba hakiuharibu sana. Weka programu ya kupimia sauti kwenye simu, isimamishe simu juu ya kigoda pale kinapokuwa kichwa chako, na usiishike mkononi. Namba yenyewe inaweza kuwa si ya kweli; haidhuru, unatafuta usawa tu. Piga mvumo kwa spika ya kwanza, andika namba, bandika karatasi ya gundi kwenye kitufe cha sauti na uweke alama. Leta ya pili, zungusha mpaka namba irudi ile ile kwa nusu desibeli, weka alama ya pili. Kuanzia hapo kila spika ina alama yake na haivuki.

Linganisha spika moja kwa moja, si jozi kwa jozi. Wengi hushangaa, lakini makosa ya spika husikika wazi zaidi ikipigwa peke yake, maana zikiwa mbili akili hupotezwa na upana wa sauti. Weka mashine kwenye mono au tumia upande mmoja tu kwa rekodi za zamani ambazo ni mono zenyewe. Chora chaki sakafuni, na kila spika ikae ndani ya alama ile ile. Kuzipanga ubavu kwa ubavu hakufai: moja itakuwa karibu na kona, itapata besi ya bure, na koni za ile iliyozimwa zitatikiswa na inayopigwa. Siku ya tatu sasa ndiyo uzisikilize kwa jozi.

Tundika kanga moja mbele ya mahali pa spika, umwachie mtu mwengine kazi ya kubadilisha, arushe sarafu kuamua ipi ianze. Kanga ni pamba nyepesi, haizuii sauti sana, na inazizuia zote kwa kiasi kimoja. Pazia zito halifai. Hili si la kujifurahisha. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wakiwa kampuni ya spika ya Harman huko Marekani, walionesha kwamba wasikilizaji wale wale, kwa spika zile zile, walitoa alama tafauti walipoziona na waliposikiliza bila kuziona. Hata wenye uzoefu yaliwapata. Umbo, bei na jina huingia sikioni kupitia jichoni. Mwite pia mtu wa nyumbani asiyejali mambo ya spika. Masikio yake hayajui bei.

Kipande kiwe kifupi, sekunde 20 hadi 30, kirudiwe. Kumbukumbu ya sikio kwa rangi ya sauti ni fupi mno. Ukisikiliza wimbo wa dakika saba kisha ukabadilisha, unalinganisha spika na hadithi. Piga haya:

Sauti ya mwanamume anayesoma habari. Wote tunajua mtu anavyosema. Kama anasikika amejaa kifuani, kama anaongea ndani ya pipa, spika imenenepa kwenye 100 hadi 150 Hz, na hilo halizoeleki.

Mwanamke anayeimba na kanuni nyuma yake. Sikiliza "s" na "sh", zisikuchome. Kanuni ni nyuzi zinazodonolewa. Kila donoo liwe na mwanzo wake na lifuatwe na mwili. Spika iliyopandishwa sauti kali kwa makusudi itakupa mwanzo tu, kama vijiko vinaanguka, na dukani kwa dakika mbili utaipenda. Siku ya tatu utaichoka.

Kaswida yenye dufu, kwa kishindo cha ngozi. Na besi linaloshuka nota kwa nota: kila hatua iwe na uzito unaokaribiana na ya kabla yake. Nota moja ikiruka kwa spika zote mbili, kosa ni la chumba. Ikiruka kwa moja, ni la spika hiyo.

Andika alama kabla hujauliza ipi ilikuwa ipi. Kisha simama, tembea, kaa pembeni pale mgeni anapokaa. Spika nzuri ikisikilizwa kwa pembeni huwa na giza kidogo tu. Ile inayogeuka kuwa kitu chengine ukisimama ina tatizo pale ambapo wufa inampokeza twita kazi.

Na hapa ndipo kukaa chini kunapoingia. Watengenezaji wengi hupanga twita iwe kama sentimita 95 kutoka sakafuni, kwa mtu wa kochi. Ukikaa kwenye mto sikio lako liko kwenye 75 hivi. Kwa umbali wa mita 2.5 hizo sentimita 20 ni kama nyuzi 4 na nusu. Inua miguu ya nyuma ya spika ili iiname mbele: kwa spika yenye kina cha sentimita 30, nyongeza ya sentimita 2.4 inatosha. Izuie isije ikaanguka. Kama nyumba ina watoto, funga kamba ya nailoni kutoka mgongo wa spika hadi msumari wa ukutani. Fanya hivi kwa jozi zote mbili kabla ya kuhukumu, au utamrudishia muuzaji spika nzuri kwa kosa la mto.

Madirisha yawe kama yanavyokuwa siku zote. Besi hutoka kwa dirisha lililo wazi, na spika uliyoipenda madirisha yamefungwa itakuwa nyengine kaskazi ikipuliza.

Boksi la spika moja limeandikwa wati 2000 PMPO, la nyengine wati 120 tu, na bei ya pili ni kubwa zaidi. Vipi? — Msomaji, Wete

PMPO ni namba ya tangazo. Haina kipimo kimoja kinachofuatwa, kila kiwanda hujihesabia. Kama spika ina mashine ndani yake, pindua usome kibati cha nyuma: kikisema inakula wati 60 kutoka soketi, haiwezi kutoa 2000. Haiwezi hata 60.

Namba ya kutazama ni desibeli, yaani spika hutoa sauti kiasi gani ikipewa umeme wa volti 2.83, ukiwa mita moja. Klipsch RP-8000F imeandikwa 98. ELAC Debut 2.0 F5.2 imeandikwa 86. Tafauti ya 12 kwenye karatasi ni kama mara 16 ya nguvu: penye wati 5 kwa moja, nyengine inataka 80. Hii haisemi ipi ina sauti nzuri, inasema mashine gani uinunue. Tahadhari mbili. Viwanda vyengine hupima ndani ya chumba, ambako kuta huongeza desibeli kadhaa, vyengine hupima pasipo mwangwi, kwa hiyo namba za viwanda viwili hazilingani moja kwa moja. Na volti 2.83 ni wati moja kwa spika yenye ukinzani wa omu 8, lakini ni wati mbili kwa spika ya omu 4. Hapo spika ya omu 4 imejipatia desibeli 3 za kupewa, na mashine yako ndiyo inayolipa.

Nyumba yetu iko Jambiani, hatua chache kutoka pwani. Spika za mwanzo ziliharibika baada ya miaka minne: vituo vya waya vimeota kijani, chini mbao imefura. Nataka kununua nyengine ndefu. Nitazame nini? — Msomaji, Jambiani

Chumvi na maji ya deki, na hayo ya deki ndiyo mabaya zaidi. Spika nyingi ndefu ni za ubao wa MDF, yaani unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Ukibandikwa ngozi ya plastiki juu unaonekana imara, lakini chini, pale watu wasipopaona, mara nyingi umeachwa wazi. Maji ya deki yakiingia mara mia, ubao hunyonya, hufura, na haurudi. Kabla ya kununua ilaze spika utazame tako lake. Ukikuta ubao mtupu, paka vanishi ya mashua mara tatu, ukiacha kila mkono ukauke, khasa kwenye kingo na matundu ya skrubu. Kisha iinue sentimita 3 kutoka sakafuni kwa miguu ya mpira au vipande vya vigae. Hapo deki litapita chini, na mchwa akija utaziona njia zake za udongo kabla hajaingia.

Tazama ukingo wa koni, ule mviringo laini unaoishika koni na fremu. Ukiwa mpira, nunua. Ukiwa sponji, achana nayo: joto na unyevu huivunjavunja sponji, na wufa itakuwa mbovu ingali mpya kwa kila kitu chengine. Ubonyeze kidogo kwa kidole. Mpira ni mzito na unarudi taratibu, sponji ni nyepesi na ina vitundu.

Waya nunua ule wa shaba iliyopakwa bati, unaotumika kwenye boti. Ndani unang'aa kama fedha, si mwekundu. Waya wa kawaida karibu na bahari huota weusi ndani ya plastiki yake hata mahali ambapo haujamenywa. Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba juu: ukwangue kwa kisu, ukiona nyeupe katikati ya ule uliouzwa kama shaba tupu, urudishe. Unene: kwa mita 10, waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una ukinzani wa omu 0.23 kwenda na kurudi, wa 2.5 una 0.14. Kwa spika ya omu 4 tunataka usizidi 0.2, kwa hiyo chukua 2.5. Ncha zibane kwenye plagi kwa koleo, usiache nyuzi tupu kwenye skrubu, na kila masika yakimalizika zifungue uzifute kwa spiriti.

Wavu wa mbele usiuvue. Kwa wapenzi wa spika hii ni kama dhambi, lakini kwenye upepo wa chumvi wavu ni afadhali kuliko twita iliyopata kutu.

Nakaa kwenye mabloki ya Michenzani. Jirani wa chini hugonga dari kila nikifungua. Spika ndefu zenye miguu ya mpira zitasaidia? — Msomaji, Michenzani

Kidogo sana. Mpira unazuia mtikisiko unaopita miguuni, lakini besi nyingi hupita hewani, ikapiga saruji, na saruji ikampigia jirani. Hata spika ikining'inizwa kwa kamba atasikia. Kwa hali yako tusingenunua ndefu kabisa: chukua ndogo za wufa ya sentimita 13 juu ya vigoda vya chuma vilivyojazwa mchanga mkavu, na usiongeze subwufa. Zitachukua nafasi ile ile sakafuni. Kaa karibu nazo, mita 1.5, ili usihitaji kupandisha.

Nimeona spika kubwa zilizotumika kutoka Japani, njia tatu (wufa, koni ya kati na twita), wufa ya sentimita 30, pamoja na mashine yake, kwa nusu ya bei ya ndefu mpya. Zinafaa? — Msomaji, Mwanakwerekwe

Zinaweza kufaa kuliko mpya, na zinaweza kukumaliza. Inategemea dakika kumi za ukaguzi.

Mashine kwanza. Ya soko la Japani ni ya volti 100. Soketi zetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja, ukibahatika itaungua fyuzi, usipobahatika transfoma. Soma kibati cha nyuma. Ikisema 100V peke yake, ongeza kwenye bei yako transfoma ya kushusha. Kama mashine inakula wati 200, nunua ya VA 500, na si ya 200, maana ya kiasi hicho hicho hupata moto na kuvuma. Spika zenyewe hazijali volti za ukutani.

Sasa spika. Nenda na malti-mita, weka kwenye omu, pima kwenye vituo vya waya. Spika ya omu 8 itasoma baina ya 5.5 na 7. Ya omu 6 kama 4.5 hadi 5. Isiposoma kitu, koili au waya umekatika. Ikisoma sifuri, koili imeshikana, na itaiua mashine. Kipimo hiki hukuonesha wufa tu. Twita na ile ya kati zimefichwa nyuma ya kapasita, kwa hiyo zisikilize kwa sikio karibu, moja moja.

Bonyeza koni ya wufa kwa vidole vitatu vilivyoenea sawa. Iingie na kutoka kimya. Ukisikia kukwaruza, koili imepinda au imeungua, usiinunue. Ukingo wa sponji ukikatika kama biskuti, hilo linatibika: mpya hununuliwa kwa kipimo cha koni na cha fremu. Kwangua wa zamani wote, futa kwa spiriti, gundisha ukingo kwenye koni kwanza, uache ukauke, kisha kwenye fremu. Wakati gundi ya fremu bado mbichi piga mlio wa 30 Hz kwa sauti ndogo na usogeze mpaka ukwaruzaji uishe kabisa. Uache usiku mzima. Anayegundisha yote kwa pamoja ili awahi, ndiye anayerudi na wufa inayokwaruza. Ukingo wa kitambaa ni kesi nyengine: haukatiki, lakini kwa miaka hugeuka mgumu kama kadibodi, na besi hutoweka ingawa kila kitu kinaonekana kizima.

Zungusha vile vitufe vya mbele mara 30 kila kimoja. Kutu ikiwa ndani, twita hukatika na kurudi. Na kwa umri wake, kapasita za krosova nyingi zimekauka. Fundi azibadilishe kwa zile zisizo na upande, thamani ile ile ya mikrofaradi, volti zisipungue. Si kazi ya gharama, lakini zibadilishwe kwenye spika zote mbili siku moja, la sivyo kulia na kushoto hazitafanana.

Ukizichukua, kumbuka si ndefu. Maboksi yale yana kimo cha sentimita 60 hadi 70, na yakiwekwa sakafuni twita itakupigia magotini. Yanataka kigoda cha sentimita 30 hivi. Ukikaa chini kama ndugu yetu wa Chake Chake, sentimita 15 zinatosha.

Na kama twita moja imebonyea katikati, mtoto wa mtu aliwahi kuigusa. Ikiwa ya kitambaa, bandika karatasi ya gundi juu yake taratibu, uivute sawasawa, itarudi. Ikiwa ya alumini, mkunjo utabaki. Omba upunguziwe bei ya twita nzima.